Mama Futi, fundi cherehani anayewarudisha wachimbaji kwao

Jumanne, saa tatu kasoro asubuhi. Katika wodi ya wanaume ya kituo kimoja cha afya mjini Masumbwe, mama wa makamo aliyejifunga kitenge cha jumuiya anavua futi ya kushonea shingoni, anapiga ishara ya msalaba, kisha anaanza kumpima mguu mgonjwa asiyejitambua.

Anaanzia kiunoni, anashuka gotini, anafika kisiginoni. Anasoma namba kwa midomo bila sauti. Goti lilikuwa limepinda kidogo, kwa hiyo analinyoosha taratibu na kupima upya.

"Mama, ndiyo unamshonea suruali sasa hivi?" anauliza mgonjwa wa kitanda cha jirani, mkono wake ukiwa umefungwa bandeji.

"Namtafutia mama yake," anajibu bila kuinua kichwa.

Kijana huyo aliletwa jana yake jioni kwa bajaji kutoka machimbo madogo ya dhahabu yanayoitwa Mgunga. Alikuwa akishuka shimoni, kamba ikakatika, akaangukia kichwa. Uso wote umevimba, kichwa kimezungushiwa bandeji hadi kwenye nyusi. Wenzake waliomleta waliulizwa jina lake.

"Tochi," walisema.

Jina la baba? "Tochi tu." Kwao ni wapi? Wakatazamana. Mmoja akasema labda Kahama huko, mwingine akasema Shinyanga. Wakaaga, maana zamu yao ilikuwa inaingia.

Saa tano gari la wagonjwa linampeleka hospitali kubwa upande wa Shinyanga, aliko daktari wa kumfungua kichwa. "Ataenda awe na ndugu, asiwe na ndugu. Hilo halina mjadala," anasema muuguzi Agnetha, aliyekesha naye. "Lakini huko nani atawaambia kama ana ugonjwa mwingine? Nani atamgeuza, nani atamlisha? Na Mungu apishie mbali, akitutoka njiani, tutaandika nani? Tochi?"

Ndiyo maana kulipokucha Agnetha alimpigia simu fundi cherehani.

Fundi huyo ni Scolastika Mageni, mwenye umri wa miaka 54. Majirani humwita Mama Eunice, kwa jina la binti yake wa kwanza. Huko machimboni wanamwita Mama Futi.

Cherehani yake iko barazani kwa duka la vifaa vya ujenzi, karibu na soko la Masumbwe. Suruali ya kazi iliyochanika huitia kiraka kwa shilingi 1,000. Mpya huishona kwa 12,000, kitambaa cha mteja. Siku njema anaondoka na 15,000, siku mbaya anaondoka na vumbi. Kwa kipato hicho amesomesha watoto watatu tangu afiwe na mumewe, na wa mwisho yuko chuo cha ufundi Kahama.

Jumatano mchana, wateja wanapopungua, na Jumapili baada ya Misa, hufunika cherehani yake kwa kiroba, hupanda bodaboda na kwenda Mgunga. Haendi kuuza kitu. Anabeba kaunta buku nene lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, kalamu mbili na hiyo futi yake.

Ndani ya kaunta buku hilo mna wanaume 312. Kila mmoja ana mstari wake: jina analoitwa shimoni, jina alilopewa na wazazi, kijiji, namba ya simu ya nyumbani, dini, alama ya mwilini, kisha vipimo. Urefu, mguu, kiuno, mabega. Mchimbaji akiumia, akiugua au akifa, Scolastika ndiye anayejua apigiwe nani.

Hakuna anayemlipa. "Nani anilipe, na mimi ndiye ninayedaiwa?" anasema, halafu anacheka. "Deni langu lina miaka kumi na tatu. Kila Jumapili nalipa kidogo."

Deni hilo lilianzia Kagongwa, walikokuwa wakiishi na mumewe, Cornel. Mwaka ule mvua ziligoma, mpunga ukafia shambani. Cornel akasikia dhahabu imetoka Chunya, kule Mbeya, akaenda na wenzake wawili. Miezi saba alituma salamu na alichojaliwa. Mwezi wa nane kukawa kimya.

Kisha simu ikaita mchana mmoja, akiwa anachambua mchele. Namba ngeni.

"Sauti ya mwanaume. Akasema, 'Asalaam aleikum, mama. Mimi naitwa Masudi, napikia wachimbaji huku Chunya. Mume wako Cornel anaumwa sana, anakutaja. Njoo.' Nikamuuliza, namba yangu umeipata wapi? Akasema, 'Mimi kila anayekula kwangu namuuliza kwao. Naandika ukutani kwa mkaa.'"

Alisafiri siku mbili. Alimkuta Cornel kwenye kibanda cha Masudi, amelazwa kwenye kitanda cha Masudi mwenyewe, naye Masudi analala chini. Alimuuguza kwa siku tisa. Siku ya kumi Cornel alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Wachimbaji walichanga, mwili ukarudi Kagongwa, ukazikwa kando ya mama yake mzazi.

"Watu hunipa pole, nami naipokea. Lakini ndani ya moyo wangu nasema, Mungu, ahsante. Nilimwona. Nilimnywesha uji. Nilimfumba macho mwenyewe. Wapo wanawake hapa Masumbwe wanangoja mlango ugongwe mwaka wa kumi huu, hawajui wavae nyeusi au wapike cha watu wawili."

Alipotaka kumlipa Masudi, hata kwa kumtumia debe la mchele wa Kagongwa, mpishi yule alikataa. Scolastika anayakumbuka maneno yake kama sala: "Usinilipe mimi, mama. Kwani huko kwenu hakuna wageni?"

Wageni walikuwepo. Mwaka uliofuata alihamia Masumbwe kutafuta riziki ya cherehani, akawakuta wa kila kabila: Wasukuma, Wasumbwa, Wakurya, Waha, Wachaga wa duka, watu wa Tanga na hirizi zao. Hakuna aliyejua jina la baba wa mwenzake. Akanunua kaunta buku. Hadi leo kila Idd humpigia Masudi simu, na kila Krismasi Masudi humpigia yeye.

*

Sasa, asubuhi hii wodini, kaunta buku limefunguliwa juu ya shuka, na jina Tochi, kwa walio hai, limo mara tatu.

Kuna desturi pale Mgunga ambayo mgeni haielewi upesi. Katika kila duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, yupo mmoja anayetangulia kushuka asubuhi kabla ya wenzake. Huyo hukagua matimba, yaani magogo yanayozuia udongo usianguke, na husikiliza kama hewa ni nzuri. Kwenye duara namba nne, mtu huyo huitwa Tochi. Akiondoka, anayeshika nafasi yake hurithi buti zake, kitanda chake na jina lake.

"Jina ni la duara, siyo la mtu," anaeleza Mwita, msimamizi wa duara hilo. "Ukilibadilisha, dhahabu inashangaa. Inasema, huyu nani? Inajificha."

Kwa desturi hiyo, miaka sita iliyopita Scolastika alifanya kosa ambalo mpaka leo akilisimulia hushika ukingo wa meza.

Matimba yalianguka, Tochi akafa. Aliletwa mbiombio, uso hautambuliki. Scolastika akafungua kaunta buku lake, ambalo wakati huo lilikuwa na majina na simu tu. Mstari wa 61: Tochi, jina la kwao Marwa, kwao Tarime. Akapiga simu. Akatoa habari kwa upole wote aliojaliwa. Huko Tarime kikazuka kilio.

Walilia siku tatu. Ng'ombe alichinjwa, watu wakalala nje, gari likakodiwa. Baba yake Marwa alifika Masumbwe, akafunuliwa mwili, akatazama kwa muda mrefu.

"Akasema, 'Huyu si wangu. Wangu ni mrefu.' Kwa sauti ndogo tu. Mimi nikakaa sakafuni."

Marwa alikuwa hai. Miezi miwili nyuma aliondoka Mgunga, akaenda kuchimba kwingine, simu yake ikaingia maji. Aliacha buti, aliacha kitanda, aliacha jina. Aliyekufa ni aliyerithi, na huyo hakuwa amefikiwa na kaunta buku. Katika duara zima hakupatikana hata mmoja aliyewahi kumuuliza kwao.

Scolastika alipanda basi mwenyewe hadi Tarime kuomba radhi. Hakulala njiani kwa hofu. Wazee walimpokea kwa maneno makali, na anasema yalimstahili. Kumlilia aliye hai si jambo dogo kwao, palikuwa na mambo ya mila ya kufanywa. Lakini mama yake Marwa alimshika mkono, akamvuta hadi jikoni.

"Aliniambia, 'Wewe umeniliza siku tatu, kisha umenipa mwanangu mzima. Mimi nikukasirikie kwa lipi? Ila yuko mama mwingine huko, hajui hata kama alie. Mtafute huyo.'"

Ndipo futi ilipoingia kazini.

"Nilirudi nikiwaza, mimi ni fundi. Kitu gani mtu hawezi kumwachia mwenzake? Jina watu huachiana. Buti huachiana. Mguu hawaachiani."

Kupima watu walio hai, hata hivyo, kulimletea balaa la aina yake. Jumapili ya kwanza aliyotoa futi machimboni, wanaume wenye vifua kama milango walimkimbia. Uvumi ulikuwa umeshapita: yule mama anapima majeneza. Ukipimwa Jumapili, Jumamosi umezikwa. Wengine walisema ametumwa na wenye dhahabu wakubwa kutafuta wa kutolewa kafara. Wawili walihama kabisa.

Majuma matatu alirudi mikono mitupu. Juma la nne alibeba sindano na vitambaa chakavu, akakaa kwenye jiwe karibu na karasha, ile mashine ya kusagia mawe, akatangaza kwamba viraka leo ni bure kwa kila atakayepimwa. Kisha akajitokeza mchimbaji mmoja mwenye mvi aitwaye Sikujua, suruali yake imetoboka makalioni pande zote mbili.

"Nipime, Mama Futi," alisema. "Kama ni jeneza, nitilie na mifuko."

Machimbo yote yalicheka. Jumamosi ikafika, Sikujua hakufa. Jumapili iliyofuata kulikuwa na foleni.

*

Wodini saa imefika tatu na robo. Mstari wa 61 ni Marwa, sasa anaendesha bodaboda Sirari. Huyo si yeye. Mstari wa 174: Tochi, jina la kwao Eliya, kwao Ibadakuli, Shinyanga mjini. Mstari wa 240: Tochi, jina la kwao Enock, kwao Kagongwa. Amempigia Mwita kuuliza ni yupi kati ya hao wawili, na Mwita hajui. Tochi ni Tochi. Mmoja aliondoka wakati wa kuvuna, mmoja alirudi, nani alimpokea nani hakumbuki.

Gari la wagonjwa litapita Kagongwa, kisha litaingia Shinyanga. Barabara ni moja, mama ni wawili.

"Kwa nini usiwapigie wote?" anauliza Agnetha, akitazama saa ya ukutani.

"Mmoja wao mwanawe ni mzima, mwanangu. Niliwahi kumliza mama wa mtoto mzima. Sirudii."

Eliya, mguu sentimita 106. Enock, mguu 98. Anashika futi mara ya tatu, na safari hii anamwomba Agnetha ashike ncha ya juu. Wote wawili wanainama kusoma. Tisini na nane.

Anatoka hadi mlangoni, anapiga namba ya Kagongwa, anaweka sauti ya nje ili Agnetha asikie. Inaita muda mrefu.

"Haloo!"

"Mwadila, mayu," anamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Hapo ni kwa mama yake Enock?"

"Mwadila. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Scolastika, mimi ni fundi cherehani wa Masumbwe. Samahani, mama. Enock mmeongea lini?"

Sauti inapanda. "Haya, mmeanza! Sasa hivi utaniambia kapata ajali, nitume hela kwenye namba hii. Jirani yangu mmemmaliza mwezi uliopita kwa maneno hayohayo. Tafuteni mwingine. Mimi hata kuku nimeshauza!"

"Mama Enock, sitaki hela. Usitume hata shilingi. Na akitokea mtu leo akakwambia tuma, usitume, hata akijifanya mimi. Nina swali moja tu, unijibu kisha ukitaka ukate. Mwanao ana alama gani mwilini, ambayo mimi siwezi kuijua?"

Simu inabaki na mlio wa jogoo wa mbali. Mama anaporudi, sauti si ile tena.

"Alama ya nini? Mbona unauliza alama?"

"Nijibu, mayu."

"Kisiginoni. Cha kushoto. Alikuwa darasa la tatu, tunalima kwa ng'ombe, jembe likampitia. Pana kovu kama mdomo wa samaki."

Katika mstari wa 240, sehemu ya alama, Enock aliandikisha "hana". Wanaume, anasema Scolastika, husahau makovu yao. Mama ndiye anayeyatunza. Anarudi kitandani, anainua shuka, anageuza mguu wa kushoto kwa viganja viwili. Agnetha anaweka mkono mdomoni.

"Mama Enock," anasema Scolastika, polepole, "anapumua. Nasema tena, anapumua. Ameumia kichwa, anapelekwa hospitali kubwa, na wewe unaenda naye. Umenisikia?"

"Ehe."

"Funga nguo zako, chukua kikombe na sahani. Usipande basi. Simama barabarani upande wa kwenda Shinyanga. Ikifika saa saba utaona gari la wagonjwa, litakusimamia wewe. Vaa nguo ambayo dereva ataiona."

"Nina kitenge cha njano."

"Vaa hicho."

"Wabeja," inasema simu, neno la Kisukuma la kushukuru. "Wabeja, mayu. Wabeja. Wabeja." Iliendelea hivyo mpaka salio likaisha, maana Scolastika hakuthubutu kumkatia.

Dereva wa gari lile, ambaye hakutaka jina lake liandikwe kwa sababu anasema alifanya kazi yake tu, anasimulia kwamba alimwona mama huyo kabla hajapunguza mwendo. "Alisimama katikati ya lami kama mnara. Njano tupu. Malori yanampigia honi, hasogei. Alipoingia nyuma, hakulia. Alishika kile kisigino kwanza. Kisha ndiyo akamtazama usoni."

Scolastika hakuyaona hayo. Alikuwa barazani kwake anashona sare za shule. Wakati huo alipiga simu ya pili, Ibadakuli, kwa mama yake Eliya, akajifanya anamtafuta kijana aje achukue suruali yake. Akaambiwa Eliya yuko nyuma ya nyumba anafyatua matofali, aitwe? "Nikasema, msimwite, mwacheni afanye kazi. Nikakata simu, nikamshukuru Mungu, nikakosea kushona ukosi."

*

Enock alifanyiwa upasuaji kesho yake. Alikaa siku nne bila kufumbua macho. Siku ya tano mama yake, Vumilia, alipiga simu Masumbwe saa kumi na mbili asubuhi, na Scolastika aliiacha iite mara nyingi kwa kuogopa kuipokea.

"Ameomba ugali!" ndilo lililokuwa neno la kwanza.

Sasa yuko nyumbani Kagongwa. Anatembea kwa fimbo, anaongea taratibu, na maneno mengine humkimbia katikati ya sentensi. Madaktari wamesema yatarudi. Kwa simu ya mama yake anaeleza kwamba halikumbuki anguko wala wodi. Anachokumbuka ni Jumapili moja, akiwa amesimama juu ya jiwe mikono imenyooka, akimwambia Mama Futi amalizie haraka kwani wali unapoa.

"Nilimdanganya kidogo," anasema. "Nilimwambia sina alama kwa sababu wenzangu walikuwa wanasikiliza, wangenicheka, kovu la kulimwa na ng'ombe. Na namba ya mama nilitaka niandike ya uongo. Sijui kwa nini niliandika ya kweli. Labda alivyonitazama."

Mama yake amepeleka Masumbwe debe moja la mchele wa Kagongwa. Scolastika alitaka kukataa kama Masudi alivyokataa. Halafu akaupokea, akaupika wote, akaubeba Mgunga kwenye ndoo mbili, ukaliwa na duara namba nne. "Masudi ana moyo kunizidi," anasema. "Mimi harufu ya ule mchele ilinishinda."

Si wote wanaouona utumishi huu kwa jicho hilo. Eunice, bintiye, angependa mama apumzike Jumapili. Miguu yake huvimba. Fundi mwenzake wa baraza la pili humtania kwamba anajua vipimo vya wanaume mia tatu na hajaolewa na hata mmoja. "Namjibu, mmoja alinitosha," anasema Scolastika. "Hawa wengine nawatunzia tu kina mama zao."

Jumapili ya mwisho ya mwezi uliopita, saa nane mchana, yuko tena kwenye lile jiwe karibu na karasha. Sikujua anapanga foleni kwa kelele kama mpiga debe. Na mbele ya foleni amesimama mwanaume wa miaka thelathini hivi, mgeni, aliyetoka Kigoma juma moja lililopita. Miguuni amevaa buti za Enock, ambazo Scolastika anazijua, maana kamba ya buti la kushoto aliwahi kuiunga yeye.

"Jina?"

"Tochi."

"La kwenu?"

"La kwetu la nini, mama? Hapa mimi ni Tochi. Muulize Mwita."

"Matochi ninao wanne, baba. Nataka wewe."

Wenzake wanaguna. Sikujua anaingilia: "Mwambie huyo! Mwenzako mguu wake ndio umemwita mama yake. Wewe unataka uitiwe nani, karasha?" Mgeni anatazama chini, anasugua buti moja kwa lingine. Kisha anainama sikioni kwa Scolastika na kulitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Analiandika bila kulirudia. Mstari wa 313.

Mpango wake sasa ni kwamba kila duara liwe na kaunta buku lake na mtu wake wa kuandika, kama alivyokuwa Masudi na mkaa wake. Wapishi sita wa Mgunga wamekubali. Wanne wanasoma na kuandika vizuri, wawili anawafundisha jioni kwa vipande vya chaki ya kushonea. Anahitaji futi sita na kaunta buku sita. Futi tatu ameshazipata, na moja kati ya hizo Marwa aliituma kutoka Sirari.

Lakini jambo analoliombea kila siku liko kwenye ukurasa mwingine, ambao huufunua mwisho, baada ya foleni kuisha. Mstari wa 97. Jina la shimoni: Tochi. Jina la kwao, wazi. Kijiji, wazi. Simu, wazi. Dini, wazi.

Ni yule aliyekufa na jina la kurithi, aliyeliliwa Tarime na watu wasio wake. Alizikwa Masumbwe. Kwa kuwa hakuna aliyejua alisali wapi, katekista aliomba upande mmoja wa kaburi na shehe akaomba upande wa pili, na wote wawili wakarudisha udongo. Sanda yake alishona Scolastika, na fundi hakati kitambaa bila kupima. Kwa hiyo mstari ule una vipimo vyote: urefu 168, kiuno 74, mguu 99.

"Nyumba yoyote haikosi suruali ya zamani ya mtoto aliyeondoka," anasema, akipitisha kidole juu ya nafasi zile tupu. "Mama huwa hatupi. Siku moja atakuja mmoja hapa barazani, ameikunja kwenye mfuko, anaulizauliza. Nitaitandaza mezani. Ikisoma tisini na tisa, nitafunga cherehani, nitamshika mkono, nitampeleka. Alie basi, alie kwa haki yake. Kisha aniambie huyu mtoto tumwandike nani."

Anafunga kaunta buku, analirudisha kwenye nailoni, anakaza fundo mara mbili kwa sababu wingu limeanza kukusanyika upande wa Kahama.

"Mama Futi!" mtu anaita akikimbia kutoka kwenye mwalo wa kuoshea mchanga, matope hadi magotini. "Mimi bado!"

Scolastika anafungua fundo.